Komunyo Haidai Keki ya Harusi

Jumamosi moja mwaka jana baba mmoja alifika mlangoni mwa darasa langu akabaki amesimama, kofia mkononi. Umri miaka 52, amebatizwa akiwa mtoto mchanga kwao Kitui, hajakomunika, yaani hajapokea mkate mtakatifu wa misa, hata siku moja. Kila Jumapili Komunyo ikianza, hukunja magoti upande awapishe wenzake wa benchi, kisha hujifanya kusoma kitabu cha nyimbo hadi wote warudi. Nikamuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. "Mwalimu, sijajipanga. Harusi ni pesa."

Mimi ni katekista, mwalimu wa dini wa watu wazima huku Eastlands, Nairobi, na sentensi hiyo nimeisikia mpaka imenichosha.

Kwanza lililo kweli. Mkatoliki anayeishi na mwenzake kama mume na mke bila ndoa ya Kanisa hapokei Komunyo mpaka jambo hilo litengenezwe. Hapo watu wetu wa njoo-tuishi wako sawa kabisa. Wanapopotea ni pale wanapodhani Kanisa linawadai sherehe. Linawadai ndoa, na ndoa ni kitu kidogo kuliko mnavyofikiri. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wenyewe wawili. Kanuni ya 1108 inaongeza padre au shemasi mwenye mamlaka ya kuipokea ridhaa hiyo, na mashahidi wawili. Hesabu: watu watano. Wanaenea kwenye gari moja la Probox, mmoja wao akiendesha.

Tafuta keki kwenye kanuni hizo. Tafuta hema, mpiga picha, sare za wasimamizi, gari lililofungwa riboni. Pete hubarikiwa, ndiyo, lakini hakuna padre anayepima dhahabu. Ndoa inaweza kufungwa kwenye misa ya asubuhi siku ya kazi, na inaweza kufungwa hata nje ya misa. Zipo parokia zinazofungisha jozi kadhaa kwa siku moja. Mnachohitaji ni kadi za ubatizo, mafundisho ya ndoa, mahojiano na padre, na majina yenu kutangazwa kanisani, kwa kawaida Jumapili tatu. Mbali na sadaka ya kawaida, gharama kubwa iliyobaki ni nauli.

Lawama naziweka kwa kamati za harusi. Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyobishana wiki tatu juu ya rangi ya vitambaa vya viti, na bwana arusi mwenyewe hajamuona paroko hata kwa salamu. Wengine huchukua mkopo wa sako, wakaulipa miaka minne, na ndoa ikaanza kwa deni. Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wameuchoka: fungeni ndoa kwanza, karamu mtaila mkipata. Wengi hawaili kamwe na hakuna aliyekufa.

Kuna tawi la dhana hiyo hiyo: "Bado wakwe wananidai mbuzi." Mahari ni heshima, ilipeni, lakini hakuna kanuni inayotaka iishe kwanza. Paroko atataka kujua kama wazazi wana habari, pengine kwa barua, na hilo ni busara tu. Halafu wapo wa upande wa pili, waliomaliza kila kitu nyumbani, ngurario, ile sherehe ya ndoa ya Wakikuyu, ikakatwa na wazee wakashiba, wanashangaa tunawaambia bado. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila, nami naiheshimu. Lakini Mkatoliki hufungwa na utaratibu wa Kanisa lake. Cheti cha ndoa ya serikali cha kwa AG, Mwanasheria Mkuu, pale Sheria House nacho hakitoshi. Kileteni, kinasaidia, kisha tuendelee.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaojidai deni ambalo halipo. Nilipata mume na mke waliozaliwa PCEA, kanisa la Presbiteri, wakabatizwa PCEA, wakafunga ndoa PCEA, sasa wanataka kuingia Ukatoliki. Walikuwa wameshafungua kikundi cha WhatsApp cha kuchangisha harusi ya pili! Niliwaambia wakifunge jioni hiyo hiyo. Asiye Mkatoliki hafungwi na utaratibu wetu wa kufunga ndoa. Ndoa yao ilikuwa halali tangu siku ile, na kwa kuwa wote wamebatizwa, ni sakramenti. Haifungwi tena.

Ubatizo wao vilevile haurudiwi. Palipotumika maji na maneno "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", ubatizo umekwisha, uwe wa PCEA au wa ACK, kanisa la Anglikana. Mtu wa aina hiyo hukiri imani, hupewa Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, na Komunyo. Aliyebatizwa "kwa jina la Yesu" peke yake ndiye tunaanza naye upya. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, itafute ile kadi. Ikiwa imeliwa na panya, nenda parokia ulikobatizwa. Jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, na vitabu hivyo havitupwi.

Wenye safari ndefu kweli ni hawa: aliyefunga ndoa kanisani na mtu mwingine ambaye bado yu hai. Talaka ya korti ya Milimani haiigusi ndoa hiyo. Huyu humuona padre, kisha faili huenda Mahakama ya Kanisa, ambayo huchunguza kama ndoa ile ilikuwa halali tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliondoa sharti la hukumu ya pili kuithibitisha ya kwanza, kwa hiyo msitishane na hadithi za mjomba aliyengoja tangu enzi za Moi. Na mama aliyeolewa mke wa pili, usinieleze mimi mbele ya darasa. Nenda kwa padre, mfunge mlango.

Visingizio vingine navipitia haraka.

"Komunyo ya kwanza ni ya watoto." Papa Pius wa 10 aliushusha umri hadi miaka kama 7 hivi mwaka 1910. Ukomo wa juu hakuuweka. Mtu mzima asiyebatizwa hupokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo kwa pamoja, kwa kawaida Mkesha wa Pasaka. Gauni la bi arusi mdogo waachie wasichana wa miaka tisa, wewe njoo na shati lililopigwa pasi.

"Lazima nimweleze padre kila kitu tangu utotoni." Anayekwenda kubatizwa haungami kwanza, Ubatizo wenyewe unaondoa. Aliyekwisha kubatizwa ndiye anayeungama. Ukiona haya mbele ya paroko wako, panda matatu uende Basilika ya Familia Takatifu mjini au Consolata Shrine kule Westlands. Hakuna anayekujua.

"Sijalipa zaka." Kanuni ya 848 inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Karani akikwambia vingine, pita umuone paroko.

Kufunga kula ni saa moja kabla ya kupokea. Maji hayavunji, dawa haivunji, na hapana, kupiga mswaki hakuvunji. Bibi yako anayesema tangu usiku wa manane hakudanganyi, ndivyo ilivyokuwa ujanani mwake. Mwaka 1957 zikawa saa tatu, mwaka 1964 ikawa saa moja. Na hedhi haimzuii mwanamke yeyote. Nisiulizwe tena.

Sasa yule baba wa Kitui. Mkewe huuza vitunguu soko la Muthurwa, hivyo Jumamosi ndiyo siku asiyoweza kabisa kuacha meza yake. Walifunga ndoa Alhamisi, misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi nikiwa shahidi mmoja na jirani wa jumuiya akiwa wa pili. Alikuwa ameungama jana yake, na akakomunika mara ya kwanza katika misa hiyo hiyo, pembeni ya mkewe. Saa mbili kasorobo mama alikuwa kwenye vitunguu vyake.

Nje ya kanisa yule baba alinivuta kando. Aliiacha hostia, ule mkate wa Komunyo, iyeyuke yenyewe, akasema, kwa kuwa nyanya yake alimwonya kwamba ukiitafuna itatoa damu. Nikamwambia Bwana alisema twaeni mle, na kula kuna meno. Akafikiri kidogo.

"Na mbona haina chumvi?"

Ni ngano na maji tu, baba, nikamjibu. Hata hamira haina.