Tepe ni nini? Kilima cha Sialk pembezoni mwa jangwa la Iran

Tepe ni kilima kilichojengwa na watu bila kukusudia. Watu hufika mahali penye maji, hujenga nyumba za udongo na kuishi humo vizazi kadhaa. Nyumba zikichakaa huangushwa, kifusi husawazishwa, na nyumba mpya husimama juu yake. Majivu ya mekoni, mifupa ya mbuzi na kondoo, vyungu vilivyovunjika, vyote hubaki palepale. Miaka elfu moja ikipita, kijiji kimeshainuka mita kadhaa kuliko mashamba yanayokizunguka. Siku wenyeji wakihama, mvua na upepo humomonyoa kuta za juu, na anayepita baadaye huona mwinuko wa udongo uliotapakaa vigae.

Mambo mawili lazima yakutane ili tepe itokee. La kwanza ni tofali bichi, yaani la udongo uliokaushwa juani. Nyumba ya mawe ikibomoka, mawe huokotwa yakajengewa kwingine. Ya miti na makuti huoza ikaisha. Tofali bichi likianguka hurudi kuwa udongo, na hakuna anayehangaika kuuhamisha. La pili ni sababu ya kung'ang'ania mahali palepale, na katika nchi kame sababu hiyo ni maji.

Hapo ndipo mji wa Kashan unapotufaa. Uko katika mkoa wa Isfahan, kilomita zipatazo 240 kusini mwa Tehran. Upande mmoja kuna milima ya Karkas, upande wa pili linaanza Dasht-e Kavir, jangwa kubwa la chumvi. Mvua ni haba sana, lakini theluji ya milimani huyeyuka, maji yake huzama kwenye changarawe na miamba, kisha huibuka tena chini ya milima. Mojawapo ya sehemu yanapoibuka ni chemchemi ya Soleymaniyeh, ambayo hulisha Bustani ya Fin, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Tepe Sialk iko jirani na hapo. Tukitaja jangwa wengi huwaza utupu, ilhali ukingoni mwake ndipo maji ya mlima yalipomwaga udongo laini, mwepesi kulimwa. Ng'ambo ya jangwa hilohilo, karibu na mji wa Damghan, kuna Tepe Hissar, nayo ipo kwa sababu kama hiyo. Reli ya Tehran hadi Mashhad imepita katikati yake.

Sialk ilijulikana kwa njia isiyofurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vyungu vya kale vyenye michoro vilianza kuonekana kwa wauza vitu vya kale mjini Paris, vikiwa vimefukuliwa kwa magendo karibu na Kashan. Jumba la makumbusho la Louvre likamtuma mwanaakiolojia Roman Ghirshman, naye akachimba mwaka 1933, 1934 na 1937. Alikuta vilima viwili vilivyoachana kwa mita kama 600. Cha kaskazini ndicho kikongwe, na makazi yake ya chini kabisa ni ya takriban mwaka 6000 KK. Hicho kiliachwa, na baadaye maisha yakaendelea kwenye kilima cha kusini. Ghirshman aliyapa matabaka aliyoyakuta namba, kuanzia Sialk I hadi Sialk VI, na namba hizo zinatumika hadi leo.

Kuona jinsi tepe inavyosomwa, tazama kuta tu. Katika Sialk I wajenzi walirundika udongo wenye maji na kuukandamiza mpaka ukuta ukasimama, bila tofali. Sialk II wana matofali, lakini wameyafinyanga kwa mikono, na juu ya kila moja fundi amedidimiza dole gumba mara kadhaa ili udongo wa kuungia upate pa kushika. Vishimo hivyo vya vidole vimehifadhiwa kwa miaka elfu kadhaa. Ukifika Sialk III, tofali ni la mstatili, limetolewa kwenye kalibu, na yote yanalingana. Hakuna maandishi yaliyosimulia mabadiliko hayo. Ni kuta zenyewe zilizopandana.

Shaba nayo ina safari yake. Chini kabisa kuna vitu vidogo kama sindano na vyuma vya kutobolea, vilivyopondwa kwa nyundo. Juu zaidi watu wanayeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu, na kufikia milenia ya nne KK mafundi wa Sialk wanatenga madini ya fedha na risasi kwa moto mkali. Jirani, kusini-mashariki mwa Kashan, pako Arisman, mahali palipojaa mabaki ya uyeyushaji wa shaba wa zama hizo. Wafu wa Sialk I walizikwa chini ya sakafu za nyumba, wamekunjwa miguu, na mifupa yao ina rangi nyekundu ya ngeu. Pamepatikana pia makombe ya baharini kutoka Ghuba ya Uajemi, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwa hiyo kijiji hiki hakikuwa kimejifungia. Karibu mwaka 3000 KK vinatokea vibao vya udongo vyenye alama za hesabu, za aina ileile iliyopatikana kwa wingi huko Susa, mji wa kale wa kusini-magharibi mwa Iran. Maandishi hayo hayajasomwa yote hadi sasa.

Kanuni ya kusoma ni kwamba cha chini ni cha kale kuliko cha juu. Lakini kanuni hiyo ina mtego. Mtu akichimba shimo la taka au kaburi, kitu cha zama zake kinashuka mpaka kwenye tabaka la mababu zake. Mchimbaji makini hufuata kingo za shimo hilo kwa rangi na ulaini wa udongo kabla ya kutoa chochote, kisha hupima umri wa makaa na mbegu kwa kaboni.

Kwa sababu hii wizi wa vyungu ni hasara kubwa kuliko thamani ya chungu chenyewe. Mitungi ya Sialk VI, ya milenia ya kwanza KK, ina mdomo mrefu kama wa ndege na michoro ya farasi na pembetatu kwa rangi nyekundu-kahawia. Inapendeza mno. Ghirshman alichimba zaidi ya makaburi 200 ya kipindi hicho, na kwa kila moja tunaweza kuuliza mtungi ulilazwa wapi, pamoja na silaha gani au mapambo gani. Mtungi ulioibwa hauna majibu hayo, hata uwekwe kwenye kabati zuri kiasi gani.

Nafasi ya kitu ndani ya tabaka ndiyo pia kiini cha ubishi mkubwa wa Sialk. Juu ya kilima cha kusini kuna jengo kubwa la matofali mabichi, lenye umbo la majukwaa. Sadegh Malek Shahmirzadi, aliyeongoza uchunguzi mpya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, alisema ni zigurati, mnara wa ibada wa ngazi, wa takriban mwaka 2900 KK. Kama ni hivyo, ni miongoni mwa za kale kabisa duniani. Wataalamu wengine wanaliona kuwa jukwaa la Zama za Chuma, changa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa maoni yangu umbo pekee halitoshi kuamua, maana majukwaa ya matofali yamejengwa katika zama nyingi. Hoja yenye uzito ni ile inayotoka kwenye sakafu na vigae vilivyofunikwa na jengo hilo, kwa kuwa haliwezi kuwa kongwe kuliko kile lilichokalia.