Njano ya juu, njano ya chini, na mawe ya Kunduchi

Wiki hii peke yake nimetumiwa picha nne za chainizi ya njano, na chini ya kila picha swali lilelile: "Dada, niongeze samaki wangapi?" Hakuna aliyeuliza kama aongeze. Wameshaamua, kwangu wanataka idadi tu.

Najua imani hii inatoka wapi. Ukifundishwa akwaponiki (kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale) kwa dakika kumi unaambiwa samaki wanakunya, bakteria wanageuza, mboga zinakula. Basi mboga ikiwa na njaa, ongeza wanaokunya. Kwa hesabu hiyo nimeshaona matenki mengi sana yakinuka.

Njano ipi? Ng'oa shina moja ulitazame kutoka juu kwenda chini. Kama njano iko kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na jani limefifia lote pamoja na mishipa yake, hapo huenda ni upungufu wa nitrojeni kweli. Nitrojeni inahama. Mmea ukipungukiwa unaivua kwenye jani kuukuu na kuipeleka kwenye jani changa. Lakini kama ya chini ni ya kijani na yanayochipua juu ndiyo njano, mishipa ikibaki kijani kama wavu, huo ni upungufu wa chuma. Chuma hakihami. Kikishaingia kwenye jani kinakaa hapohapo, kwa hiyo jani jipya linazaliwa mikono mitupu hata kama ya chini yameshiba. Kati ya picha zangu nne, tatu zilikuwa njano ya juu. Ya nne ilipigwa usiku kwa tochi, hata kuta za nyumba zilikuwa njano.

Na hata kwa njano ya chini, idadi ya samaki si jibu. Kinacholisha mboga ni chakula unachomwaga tenkini, samaki ni kinu tu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanatoa gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Una vitanda viwili vya mita moja moja? Gramu 80 hadi 100. Nunua mizani ya jikoni upime, "kiganja kimoja" si kipimo. Tuendelee.

Chuma kimeenda wapi? Mara nyingi kimo humohumo majini, ila kimeganda katika hali ambayo mzizi hauwezi kukinywa, kwa sababu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (7 ni katikati, ikipanda asidi inapungua), imepanda. Ikivuka 7.5 chainizi inaanza kulalamika, ikifika 8 inapiga kelele. Na hapa Dar, pH ya 8 kwenye mfumo wa nyuma ya nyumba mara nyingi sana inatoka mahali pamoja: kokoto zinazojaza vitanda vya mboga. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale. Kokoto nyeupe nzuri za Kunduchi ni chokaa, zinayeyuka kidogo kidogo usiku na mchana, na zinaipandisha pH kila unapoishusha.

Mwezi uliopita nilikwenda Bunju kwa mzee mmoja mstaafu. Tenki la lita 1000, vitanda viwili, mabomba yamefungwa vizuri kuliko ya kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, samaki wangu leo wanaongea."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sato walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wakifumbua na kufumba. Siku tano kabla, kwa ushauri wa jirani, alikuwa ameongeza vifaranga 60 juu ya samaki 40 wakubwa ili kutibu njano. Chainizi ilikuwa bado njano. Ya juu, bila shaka.

Tulipima: pH 8.2, amonia (inayotokana na uchafu wa samaki) miligramu 2 kwa lita. Mzee akasema jirani ana amonia hiyohiyo na samaki wake wanacheza. Inawezekana kabisa, na hapa ndipo watu wanaponichosha, maana wanasoma namba ya amonia peke yake kama vile ni joto la mgonjwa. Amonia majini ina sura mbili, moja karibu haina madhara na nyingine inaunguza matamvua, yale samaki anayopumulia. Kwenye pH 7 na maji ya nyuzi 28, ile kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.2 inafika karibu asilimia 10. Kinyesi kilekile, namba ileile kwenye kichupa cha kupimia, makali zaidi ya mara kumi. Mawe yaliyoinyima chainizi chuma ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakiinoa amonia, na yeye akaenda kuongeza amonia.

Niliomba ndimu. Mama mwenye nyumba akadhani nataka chai. Nikachukua kokoto moja kavu kitandani, nikaikamulia. Ikatoa povu kama soda iliyofunguliwa ghafla, dalili ya chokaa. Mzee akaitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini ni nyeupe, nzuri."

Kusema kweli siwezi kuapa kwamba asubuhi ile ilikuwa amonia peke yake. Alfajiri ndipo oksijeni ya maji inapokuwa chini kabisa, na midomo 100 kwenye lita 1000 inavuta pumzi usiku kucha. Vitabu vinatenganisha dalili katika safu mbili. Tenkini nilichoona ni samaki wanaotweta, nikatibu vyote viwili: chakula kikasimama siku tatu (sato hafi kwa kufunga), theluthi moja ya maji ikabadilishwa kwa maji yaliyolala wazi ili klorini itoke, na bomba la kurudishia maji likapandishwa lidondokee kwa juu na kuingiza hewa. Kama matamvua yangekuwa ya kahawia ningeshuku nitriti (sumu nyingine, amonia iliyogeuzwa nusu) na kuweka chumvi ya mawe, kilo moja kwa lita 1000. Hayakuwa.

Sasa zile dawa za mitaani. Siki: pH inashuka asubuhi, inarudi 8 kabla ya jioni kwa sababu mawe bado yapo, na samaki ndiye anayeumia kwa kupandishwa na kushushwa. Maji ya betri: tafadhali, hapana. Misumari yenye kutu: kutu ni chuma, ndiyo, lakini kwenye pH 8 hakiyeyuki, umeongeza misumari tu. Salfeti ya chuma ya bei rahisi kutoka duka la pembejeo inaganda karibu palepale. Inayofanya kazi kwenye pH hiyo ni chuma kilichofungwa kwa kemikali ili kisigande, na kwenye lebo tafuta herufi EDDHA, si EDTA. Maji yatakuwa mekundu kama rosela, usishtuke. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2 za chuma kwa lita, ingawa mimi mwenyewe nikishaanza huishia kufuata jani jipya kuliko mizani, na sina uhakika kama huo ni ujuzi au uvivu.

Lakini hiyo ni panadol. Tiba ni kuondoa mawe, na hapa kuna mtego mwingine: bakteria wako wanaishi juu ya mawe hayohayo. Ukiyatoa yote Jumamosi, Jumatatu unaanza mfumo upya, wiki nne hadi sita. Kwa mzee tulitoa kitanda kimoja tu, tukajaza kokoto ngumu za Lugoba (nazo tulizikamulia ndimu kwanza), cha pili tukakiacha mwezi mzima. Vifaranga 60 wakarudi kwa jirani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata chokaa si adui siku zote. Bakteria wakifanya kazi wanatoa asidi. Mwenye kokoto za Lugoba na maji ya mvua, baada ya miezi kadhaa atajikuta pH 5.8, bakteria wamezubaa, amonia inapanda. Huyo namwambia aninginize makombe ya pwani kwenye soksi ndani ya tenki na kuyatoa pH ikikaribia 7. Nimewahi kumwambia mtu atoe chokaa na dada yake aweke chokaa, wiki moja, wakadhani natapeli.

Na kuna mchicha. Nimeona mchicha wa kijani kabisa kwenye pH 7.9, kitanda kimoja na chainizi inayokufa. Sina maelezo ninayoyaamini, ila siku hizi mwenye mawe mabaya na mfuko mtupu namwambia apande mchicha akiendelea kujipanga.

Ukinitumia picha, tuma tatu, za mchana: jani la juu kabisa, jani la chini kabisa, na kokoto moja uliyoikamulia ndimu.