Sopwith Camel haikutisha kwa mbio
Wengi hudhani Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoingia vitani 1917, iliogopwa kwa mbio zake. Wapi! Ilifika kama kilomita 185 kwa saa tu, S.E.5a, ndege nyingine ya Waingereza, iliiacha nyuma. Makali yake yalikuwa kwenye kona. Rubani, injini, tangi la mafuta na bunduki mbili za rashasha vyote vilirundikwa mbele. Bati lililofunika bunduki lilituna kama nundu, ndiyo maana ikaitwa Camel, yaani ngamia. Tena injini yenyewe, silinda zote, ilizunguka pamoja na panga boi. Kwa nguvu ya mzunguko huo, ukikata kulia, ilijipinda kufumba na kufumbua. Marubani wanafunzi wengi waliozubaa walipoteza udhibiti, wakafa kabla hata ya kumwona adui.