Kisomo cha familia ni nini, na kinapangwaje kijijini

Kisomo cha familia ni kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kaya nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Mama, baba, bibi, mtoto wa darasa la pili na mdogo wake ambaye hajaanza shule wote ni wanakisomo, kila mmoja kwa kiwango chake, na sehemu ya kipindi wanakaa mkeka mmoja wakishughulikia jambo moja. Kikiitwa cha kijamii, basi kijiji ndicho kinachoamua kituo kiwe wapi, kifunguliwe lini, nani afundishe na waanze na nini. Halmashauri au shirika linakuja kusaidia, haliji kumiliki.

Wengi wakisikia hivyo hudhani ni mpango wa kumwezesha mzazi kukagua madaftari ya mtoto. Hiyo ni sehemu ndogo, na ukiigeuza kuwa lengo umeshakosea njia. Tazama kaya ya mkulima wa tumbaku wilayani Urambo au Kaliua, mkoani Tabora. Tuseme baba aliishia darasa la nne, mama hakusoma, mtoto mkubwa yuko darasa la sita. Nyumba hiyo ina karatasi nyingi kuliko mgeni anavyodhani: fomu ya pembejeo walizokopa kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kibandiko cha dawa ya wadudu chenye alama ya hatari, kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, kitabu cha hisa cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), ujumbe wa muamala kwenye simu. Msimu wa masoko ukifika inaongezeka karatasi ya mauzo, yenye uzito, daraja, bei na makato. Bei ya tumbaku imekuwa ikipangwa kwa dola ya Marekani, kwa hiyo anayetaka kujua amepata nini lazima azidishe kilo kwa bei, abadilishe kwenda shilingi, kisha atoe mkopo. Hesabu hiyo humtoa jasho hata aliyemaliza kidato cha nne.

Nani anazisoma karatasi hizo? Yule wa darasa la sita. Ndiye anayemsomea baba makato, anayemwambia bibi kama ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imeingia, anayejua namba ya siri ya simu ya mama. Kwa maneno mengine, kaya tayari inasoma kwa pamoja, ila mzigo umemwangukia mmoja, tena mdogo. Siku akipangiwa sekondari ya bweni, nyumba inabaki bila msomaji. Kisomo cha familia kinaanzia hapo: kinauliza nani anasoma nini kwa niaba ya nani, halafu kinaigawa upya kazi hiyo.

Dhana yenyewe ilipata jina Marekani. Mtafiti Denny Taylor aliitumia mwaka 1983 kueleza namna familia zinavyosoma na kuandika ndani ya shughuli zao za kawaida, nje ya masomo ya shule. Mwaka 1988 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mpango wa Even Start kwa familia zenye kipato kidogo, na muundo wa sehemu nne ukazoeleka: elimu ya mzazi, elimu ya mtoto mdogo, muda wa mzazi na mtoto kujifunza pamoja, na mafunzo ya malezi. Mwaka uliofuata Elsa Auerbach akaukosoa mwelekeo huo. Hoja yake ilikuwa kwamba mipango mingi inaiona nyumba ya maskini kama chombo kitupu cha kujazwa mambo ya shule, wakati nyumba hizo zina njia zake za kujifunza, na mara nyingi mtoto ndiye anayemsaidia mzazi. Alikuwa anazungumzia familia za wahamiaji mijini Marekani, lakini angefika Usoke, huku Urambo, asingehitaji kuelezwa sana.

Kwetu Tanzania elimu ya watu wazima haikuanza na familia. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 takwimu rasmi zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Vitabu vya kuanzia vilijengwa juu ya kazi za watu: mradi uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa kuanzia 1968 ulikuwa na kitabu cha pamba, cha uvuvi na vingine vya namna hiyo. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Kilimwona mtu mzima kama mzalishaji. Mtoto hakuwamo darasani, isipokuwa yule wa mgongoni. Miaka ya 1990 ukaja MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, ambao uliwaachia wanakisomo wachague wenyewe mradi wao, kuku au bustani, kisha masomo yaufuate mradi. Huyo ndiye ndugu wa karibu zaidi wa kisomo cha familia, na anayetaka kuanza leo atafute kwanza wazee waliowahi kuwa wawezeshaji wake.

(Tabora ina kejeli yake. Ndipo Nyerere aliposoma, na ndipo alipofundisha baadaye. Hata hivyo sensa ya 2012 iliuweka mkoa huu miongoni mwa ile yenye sehemu ndogo zaidi ya watu wazima wanaojua kusoma. Shule maarufu za mjini hazikushuka mpaka vitongojini.)

Sasa kupanga. Kazi ya kwanza ni kupita nyumba kwa nyumba na kuomba kuonyeshwa kila kitu chenye maandishi, kuanzia kadi ya kliniki hadi mfuko wa mbolea. Wiki moja ya kazi hiyo, ikifanywa na watu wa kijiji wenyewe, inatoa mtaala mzuri kuliko warsha ya siku tano mjini. Inaonyesha pia aibu ziko wapi: mama anayetia dole gumba kikundini na hataki jirani ajue hatakuja kwenye darasa la hadhara, ila atakuja kikao kikiwa cha familia na wote wapo.

Kalenda ndiyo inayoua mipango mingi. Mfadhili anataka mwaka wa masomo uanze Januari na uishe Desemba. Mkulima wa tumbaku Januari yuko shambani. Baadaye majani yanachumwa na kuingizwa bani, yaani banda la kuyakaushia, na moto wa bani hauachwi peke yake. Kuna anayelala pale. Kisha kupanga madaraja, kazi inayoikusanya kaya yote kutwa nzima. Masoko yakiisha unapata nafasi, lakini hapo baadhi ya wanaume wako msituni kurina asali, na haupiti muda mrefu vitalu vya msimu mpya vinaanza kudai maji asubuhi na jioni. Ratiba ya vipindi vitatu kwa wiki mwaka mzima ni ya kwenye karatasi tu. Afadhali kuwa na mwendo wa aina mbili: vipindi vingi baada ya masoko, na wakati wa kazi nzito kipindi kimoja tu, kikifuata watu walipo tayari. Siku ya VICOBA akina mama wamekaa pamoja na vitabu vyao vya hisa mkononi. Nusu saa ya hesabu hapo haimpotezei mtu siku. Siku ya kliniki ni hivyohivyo. Hata kwenye banda la kupangia tumbaku mwezeshaji anaweza kuandika madaraja ubaoni watu wakiendelea na kazi. Watoto wasiitwe huko, lakini. Jani bichi hasa lina nikotini inayopenya kwenye ngozi, na mpango wa kisomo usiwe kisingizio cha kuwaweka kazini.

Lugha inahitaji uamuzi wa mapema. Shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili na karatasi nyingi ni za Kiswahili, ila nyumba nyingi zinaongea Kinyamwezi au Kisukuma, na bibi anayekijua Kiswahili nusunusu hunyamaza darasani. Mwezeshaji anayeijua lugha ya nyumbani aitumie bila woga katika maelezo na mazungumzo, na maandishi yawe ya Kiswahili. Hapo ndipo bibi anapokuwa mali. Anatega kitendawili au kusimulia hadithi kwa lugha yake, wajukuu wanakiandika kwa Kiswahili, mama anasoma mstari mmojammoja ambao maana yake tayari anaijua. Karatasi hizo zikishonwa pamoja zinakuwa kitabu cha kusomea, na kituo kinapata vitabu bila kusubiri lori kutoka Dar es Salaam.

Mwezeshaji awe mkazi, na akiwa mwanamke aliyemaliza kidato cha nne akarudi kijijini, ni bora zaidi, maana ataruhusiwa kuingia nyumba yoyote. Na alipwe. Nchi hii imejaribu sana kuendesha elimu ya watu wazima kwa moyo wa kujitolea, na moyo huo huisha jembe la nyumbani likianza kumsubiri mwenyewe. Posho iwe ndogo lakini ifike mwezi kwa mwezi. Mwenye fedha chache ni heri afungue vituo vitatu vinavyowalipa wawezeshaji kuliko ishirini vinavyokufa kabla ya masika.

Kuna wanaoweza kusaidia kabla hata mfadhili hajatafutwa. Kila halmashauri ina afisa wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina uzoefu wa kufundisha wawezeshaji. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama cha Urambo na cha Sikonge, vinaweza kutoa mafunzo ya ufundi kwa wanaotaka kuendelea. AMCOS nayo ina ghala ambalo sehemu ya mwaka halina tumbaku, na ina sababu yake ya kutaka wanachama wanaoelewa makato: ugomvi wa siku ya malipo hupungua. Waombeni ghala kwa barua, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, na iandikwe na wanakisomo wenyewe.

Kupima matokeo kusiwe mtihani wa kukaa chini. Mwulize kila mwanakaya, mmojammoja, ni karatasi gani aliisoma mwenyewe mwezi huu ambayo msimu uliopita alisomewa. Kama ni yule mtoto mkubwa, mwulize ni ipi hakuitwa tena kuisoma.