Mpinzani Anapoiacha Saa Iishe: Uvutaji wa Muda katika Sataranji ya Mtandaoni

Malalamiko yanayonifikia mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya uamuzi wa mashindano ya sataranji ya mtandaoni hayahusu wale wanaosaidiwa na kompyuta kwa siri, ingawa hao ndio wanaozungumzwa sana. Yanahusu mchezaji aliyepoteza malkia wake kizembe, akaona mambo yamemwendea kombo, na badala ya kukubali kushindwa akaiacha saa yake itembee hadi iishe, huku mwenzake amekaa mbele ya skrini hajui asubiri au aende zake. Katika mchezo wa dakika 10 kwa kila upande, kosa la namna hiyo likitokea kwenye hatua ya 12, mkosaji huwa bado ana dakika nane hivi, na zote ni zake kisheria.

Hilo la dakika kuwa zake ndilo gumu. Muda wa saa ni mali ya mchezaji. Anaugawa apendavyo, na akitaka anaweza kumaliza nusu yake akifikiria hatua moja tu. Sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, hazina kifungu kinachomlazimisha aliyezidiwa kuharakisha au kujitoa. Vilivyo karibu ni kifungu cha 11.1, kinachokataza tendo lolote la kuuvunjia mchezo heshima, na cha 11.5, kinachokataza kumsumbua au kumuudhi mpinzani kwa namna yoyote ile. Mwamuzi anayetaka kuvitumia dhidi ya mtu aliyetulia akitazama ubao analazimika kuonyesha kwamba mtu huyo hafikirii, na ndani ya mchezo mmoja jambo hilo ni nadra sana kuthibitika.

Ukumbini tatizo hili kwa kiasi kikubwa hujizuia lenyewe. Sheria hizo hizo hazimruhusu mchezaji ambaye ni zamu yake kucheza kutoka katika eneo la mchezo bila idhini ya mwamuzi, kwa hiyo anayevuta muda hana budi kubaki pale pale, uso kwa uso na mtu anayemkera, huku wachezaji waliokwisha kumaliza wakipita nyuma yake na kuona wazi jinsi mfalme wake alivyobaki mkiwa. Muda anaompotezea mwenzake anaupoteza na yeye, na juu yake anaongeza aibu. Mtandaoni gharama hiyo haipo. Anafungua ukurasa mwingine, anabandika chai jikoni, pengine anaanza mchezo mpya kwa akaunti nyingine, na anayebaki kifungoni ni yule aliyecheza vizuri. Kwangu mimi hii ndiyo sababu yenyewe, si kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, kama baadhi ya wazee wa klabu wanavyopenda kusema.

Wakongwe wa mchezo huu wala hawakuwa malaika. Mashindano ya London ya mwaka 1851 yalichezwa bila saa, na Howard Staunton, aliyekuwa mchezaji maarufu kuliko wote Uingereza wakati huo, alilalamika kwa uchungu juu ya ugoigoi wa Elijah Williams, aliyemshinda katika pambano la kuwania nafasi ya tatu. Saa za mashine zenye nyuso mbili zilikuja kutumika katika mashindano ya London ya mwaka 1883, na kwa saa kama hizo mtu hakuweza tena kumchosha mwenzake bila kikomo. Alichoweza ni kutumia fungu lake tu.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yaliletwa na Bobby Fischer, aliyeomba hataza ya saa yake mwaka 1988 na kuitumia katika pambano lake na Boris Spassky mwaka 1992. Saa hiyo humwongezea mchezaji sekunde kadhaa kila anapocheza hatua, ili asishindwe mchezo alioumudu kwa sababu tu ya kukosa sekunde za kusogeza kete. Leo karibu kila tovuti ya sataranji inautumia utaratibu huo, na ndiyo maana tunaandika 3+2 kwa maana ya dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua.

Hapa wengi wanakosea hesabu. Wanadhani nyongeza inamzuia mvuta muda, kumbe inaweza hata kumnufaisha: anayecheza 5+3 kwa kasi, akitumia sekunde moja kwa hatua, anajikusanyia sekunde mbili kila mara, na anapofika mahali pa kupoteza malkia ana muda mwingi kuliko alioanza nao. Kinachopunguza adha ni udogo wa fungu la mwanzo. Kwa makadirio ya hatua 40, mchezo wa 3+2 unampa kila mchezaji sekunde 260, yaani dakika nne na sekunde 20, na kwa kuwa sehemu ya muda huo hulipwa hatua kwa hatua, aliyekaa bila kucheza hapati ile ambayo hajaifanyia kazi. Mchezo wa 10+0 unamkabidhi dakika zote 10 tangu mwanzo. Ndiyo maana ninapoombwa kupanga mashindano ya mfumo wa Uswisi, ambamo mzunguko unaofuata hauwezi kupangwa kabla mchezo wa mwisho haujaisha, huwa napendekeza 3+2 au 5+3 na kuikataa 10+0 bila kusita. Mtu mmoja mwenye kinyongo asipewe funguo za kuwazuia wenzake wote.

Tovuti zenyewe nazo hazikukaa kimya. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inafaa kutolewa mfano kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma. Mfumo wake hautupi kila kosa katika kapu moja. Unamtenga anayefuta michezo ovyo kabla haijaanza, asiyecheza hatua yake ya kwanza, anayeondoka kwa hasira, anayekaa hadi muda uishe, na yule ambaye kwangu ndiye mjanja kuliko wote: anayekaa karibu muda wake wote, kisha anacheza hatua moja katika sekunde za mwisho ili isionekane kwamba aliiacha saa iishe. Mfumo hautoi hukumu nzito kwa mchezo mmoja. Unatazama mwenendo, na adhabu ya kufungiwa kucheza huanza kwa muda mfupi na kurefuka kadiri mtu anavyorudia. Mpinzani akiondoka kabisa, unahesabiwa muda wa kungoja, kisha unaruhusiwa kudai ushindi au sare. Na muda huo ni mfupi zaidi kwa aliyefunga ukurasa mwenyewe kuliko kwa aliyekatikiwa na mtandao. Hiyo ni busara ambayo natamani ningeiona katika michezo mingine mingi.

Mwenendo wa huyo mjanja unastahili kutazamwa kwa karibu. Katika mashindano ya vijana niliyoyasimamia, ubao mmoja tu ulikuwa umebaki. Mweupe alikuwa na malkia na ngome. Mweusi alikuwa na mfalme na askari wawili, lakini saa yake ilikuwa na dakika saba. Kijana aliyekuwa akishinda akaniandikia pembeni: "Shikamoo mwalimu. Huyu anafanya makusudi, naomba niondoke." Nikamjibu: "Marahaba. Usifunge ukurasa, usimwandikie chochote, tazama ubao." Zilipobaki sekunde 20, mweusi akasogeza mfalme. Lau kijana angekuwa ameenda zake, saa ambayo ingeanza kutembea wakati huo ni ya kwake, na huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu mvuta muda hatafuti tu kukukera, anasubiri pia uchoke na uuache ubao ili wewe ndiwe uishiwe.

Mchezo ulipokwisha nikafungua faili lake. Mafaili ya michezo ya mtandaoni huonyesha saa ilivyosomeka baada ya kila hatua, na humo mwamuzi anakuta ushahidi ambao ukumbini angeukosa. Mweusi alikuwa amecheza hatua zake za awali kwa sekunde chache chache, zikiwemo zile ngumu ambazo mchezaji makini angesimama kuzifikiria. Kisha, mfalme wake alipopigwa shaha, yaani aliposhambuliwa moja kwa moja, akabaki na hatua moja tu halali, akatumia zaidi ya dakika sita. Pale ambapo hakuna chaguo la pili hakuna cha kufikiria, na hiyo ndiyo hali pekee ambamo niko tayari kusema, kwa mchezo mmoja tu, kwamba mtu amevuta muda kwa makusudi. Alipewa onyo la maandishi, na kocha wake akapelekewa nakala.

Onyo pekee linaweza kuonekana dogo. Ukumbini kifungu cha 12.9 kinampa mwamuzi ngazi nzima ya adhabu, kuanzia onyo, kumwongezea muda aliyekosewa, kumpunguzia mkosaji, mpaka kumtoa mashindanoni. Mtandaoni vifaa vyetu ni vichache. Kwenye Lichess, kwa mfano, mchezaji ana kitufe cha kumzawadia mpinzani wake sekunde 15, jambo la kiungwana sana, lakini hana cha kumpunguzia. Kwa hiyo adhabu zetu nyingi huja baada ya mchezo, na zinategemea kanuni za mashindano zilizotangazwa mapema. Anayeripoti naye asaidie: ataje kiungo cha mchezo na namba ya hatua, aache matusi. Nimeshapokea ripoti ambazo aliyekosewa aliandika mambo mabaya kwenye kisanduku cha ujumbe kuliko alichotendewa, na ikabidi niwaadhibu wote wawili.

Kuna aina moja ya uvutaji muda inayonisumbua kuliko hasira za kawaida. Katika mashindano ya muda maalumu, ambamo ukimaliza mchezo mmoja unapewa mpinzani mwingine papo hapo hadi saa ya kufunga, kila dakika anayozuiwa anayeongoza ni alama anazozikosa. Mchezaji asiye na matumaini anaweza kumshikilia kwa dakika kadhaa kwa faida ya rafiki yake aliye nafasi ya pili. Hapo hatuzungumzii tena kinyongo, tunazungumzia njama, na mimi huwa nalinganisha orodha za timu kabla ya kuthibitisha matokeo.

Kwa upande mwingine, si kila kinachokera ni utovu wa uanamichezo. Kuendelea kucheza huku umezidiwa ni haki yako. Wapo waliookoka kwa mpinzani kujisahau na kuwaacha bila hatua yoyote halali huku mfalme wao hajapigwa shaha, ikawa sare. Kucheza haraka ili mwenzako aishiwe na muda katika mchezo usio na nyongeza nako ni halali, hata kama ubao unaonyesha wewe ndiye unayeshindwa. Aliyetumia muda wake vibaya amekosea kama aliyeacha ngome wazi. Kuzungusha ngome mbele na nyuma bila lengo kunaudhi, lakini sheria zimeshaliwekea ukomo: hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa zinampa mchezaji haki ya kudai sare, na tangu 2014, zikifika 75 mchezo unaisha wenyewe.

Limebaki suala la mtandao kukatika, ambalo kwetu Afrika Mashariki si kisingizio cha kutungwa. Bando huisha, umeme hukatika, simu huhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine katikati ya mchezo, na kwa anayengoja upande wa pili yote hayo yanafanana kabisa na kuvuta muda. Hata katika ngazi ya juu suluhisho halikuwa rahisi. Kwenye Olimpiadi ya mtandaoni ya mwaka 2020, Armenia ilipokata rufaa katika robo fainali dhidi ya India baada ya mchezaji wake kupotea hewani, rufaa ilikataliwa na Armenia ikajitoa. Siku chache baadaye, wachezaji wawili wa India walikatikiwa katika fainali dhidi ya Urusi wakati huduma za intaneti zilipotetereka katika nchi nyingi, na rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua timu zote mbili zipewe dhahabu. Waarmenia hawakufurahishwa, na sidhani kama walikosea kuuliza mstari umechorwa wapi.

Mstari ninaouchora mimi ni huu: mtandao wa mchezaji mmoja ukikatika, hasara ni yake, kwa sababu sina njia ya kuthibitisha kwamba hakuuzima mwenyewe, lakini tatizo likiwa la eneo zima, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadhoofika, mzunguko wote unaahirishwa. Kanuni hiyo naiandika kabla ya mashindano kuanza, pamoja na namba ya simu ambayo mchezaji aliyekatikiwa anaitumia kunipa taarifa papo hapo kwa ujumbe wa kawaida, usiohitaji bando.