Jirani Amefunga Nini? Saumu za Dini za Mombasa na Mipaka Yake

Viazi vya karai vinavyouzwa jioni Mji wa Kale vinatengenezwa hivi: kiazi kinachemshwa, kinachovywa kwenye uji mzito wa unga wa ngano au wa dengu uliotiwa bizari na thomu, kinakaangwa, kisha kinaletwa na chatini ya ukwaju. Weka sahani hiyo mbele ya majirani wanne ambao kila mmoja amesema, "Leo nimefunga." Mwislamu wa Ramadhani atangoja adhana ya magharibi, halafu ale bila wasiwasi. Mkatoliki wa Ijumaa Kuu anaweza kula hata mchana, maadamu hamna nyama na huo ndio mlo aliouwekea hesabu. Mhindu aliyefunga Ekadashi hana neno na kiazi. Unga ndio unaomzuia. Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya asili ya India) anayeshika sana dini yake hatagusa kwa sababu ya kiazi chenyewe, na hangekigusa hata kama hakufunga.

Makosa mengi hapa hufanywa kwa nia njema. Mtu huchukua masharti ya saumu yake akampimia mwenziwe, akamwambia "kunywa maji tu" mtu ambaye maji yanambatilishia, au akamnyima chai mtu ambaye chai anaruhusiwa.

Neno lenyewe lina mtego mdogo. Saumu ya kufunga imetoka kwenye Kiarabu sawm, na saumu ya kitunguu imetoka kwenye thum. Kiswahili sanifu kimeyafananisha, lakini Mombasa tukisema thomu tumeshayatenga. Pia hesabu yetu ya miezi imesimama juu ya kufunga: Shawwal, mwezi wa Idi baada ya Ramadhani, tunauita Mfungo Mosi (kwengine Mfunguo Mosi), unafuata Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Maulidi basi huangukia Mfungo Sita.

Kwa Mwislamu, kufunga ni kujizuia kula, kunywa na tendo la ndoa tangu alfajiri hadi jua kuzama, pamoja na nia. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, nia ya saumu ya Ramadhani huwekwa kila usiku kabla ya alfajiri. Wengi wanakosea kwenye imsaki. Imsaki ni dakika chache za tahadhari zilizowekwa kwenye ratiba, kwa kawaida kama kumi. Mpaka wenyewe ni kuingia kwa alfajiri. Aliyemaliza tonge la daku baada ya imsaki na kabla ya alfajiri, saumu yake ni sahihi. Aliyekula kwa kusahau pia anaendelea na saumu yake, ila akikumbuka ateme kilichobaki mdomoni.

Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka: saa kumi na tatu na kitu. Jua huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Lakini hata jioni moja, mji mmoja, watu hawafungui kwa pamoja. Wasuni hufuturu jua linapozama. Mashia Ithnaashari husubiri wekundu wa upande wa mashariki uondoke angani, nao huchukua kama dakika kumi hadi robo saa zaidi. Ukimwalika Ithnaashari futari, usimsukumie tende kwa adhana ya msikiti wa jirani. Mabohora, Mashia wa tawi jingine wenye asili ya India, nao hawangoji mwandamo wa mwezi: kalenda yao ni ya hesabu, miezi ya siku 30 na 29 ikipokezana, na Ramadhani kwao daima ni siku 30. Ndiyo maana mara nyingi huwatangulia wengine kwa siku moja au mbili, katika kufunga na katika Idi. Hawakukosea kuona mwezi; wanafuata njia nyingine.

Safari pia ina hukumu mbili. Anayekwenda Malindi, kama kilomita 120, kwa Shafi ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, sharti awe ametoka mjini kabla ya alfajiri. Akitaka kufunga, anafunga. Kwa Ithnaashari, safari kama hiyo akiianza kabla ya adhuhuri, kwa kawaida saumu ya siku hiyo haisihi na lazima ailipe.

Mwenye hedhi au nifasi (damu ya baada ya kuzaa) hafungi, na hulipa siku zake. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, au mzee asiyeweza tena, hutoa fidia ya kibaba kimoja kila siku cha chakula kinacholiwa mjini, kama vile mchele. Kwa mizani ni nusu kilo na zaidi kidogo. Mama mjamzito au anayenyonyesha akila kwa kujihofia mwenyewe hulipa siku tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, kwa Shafi hulipa siku na kibaba juu yake.

Kwa mwenye kisukari nasema kwa mkazo: kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (3.9 kwa mashine za milimoli), au ikipanda juu ya 300 (16.6), fungua hapo hapo, hata kama zimebaki dakika tano magharibi iingie. Dawa zake zipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kwaresima ya Wakatoliki huanza Jumatano ya Majivu, na siku zake ni 40 ukiziacha Jumapili. Mwaka 2025 Jumatano hiyo ilikuwa Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na nyumba nyingi za Mombasa zikawa na mifungo miwili kwenye ngazi moja. Wengi hawajui kwamba sheria ya Kanisa inalazimisha kufunga siku mbili pekee: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga huko ni mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo hata vikijumlishwa havifikii mlo mmoja. Kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kujinyima nyama ni jambo la pili, na huanza miaka 14. Samaki haihesabiwi kuwa nyama.

Kwenye makanisa ya kipentekoste mchungaji ndiye hutangaza maombi ya kufunga: siku 3, 7, 21. Uliza kama ni kwa maji au ni kufunga kavu, kwa sababu kwa joto la pwani kukaa bila maji siku tatu ni hatari ya kweli kwa figo. Na hatari nyingine iko mwishoni. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula akivamia sahani ya pilau, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka ghafla kwenye damu, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Aanze na uji mwepesi kidogo kidogo, aongeze kwa siku kadhaa. Kama alifunga muda mrefu, aonwe na daktari kwanza.

Ekadashi maana yake ni ya kumi na moja: siku ya kumi na moja ya mwezi unapokua, na ya kumi na moja unapofifia. Ni mara mbili kwa mwezi, kama 24 kwa mwaka. Anayefunga huacha nafaka na jamii ya kunde: mchele, ngano, mahindi, dengu, pojo. Wahindu wengi wa Mombasa wana asili ya Gujarat, na chakula cha mfungo wanakiita farali: matunda, maziwa, njugu, viazi, na sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo. Wengi hutumia chumvi ya mawe badala ya ile ya mezani. Kwa hiyo chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya bhajia zina kasoro, maana unga wa dengu umeshaingia humo. Ekadashi moja, Nirjala, inayokuja baina ya Mei na Juni, hata maji hayanywewi.

Wajaini ni wachache, lakini hekalu lao la marumaru kwenye barabara ya Langoni linajulikana na kila anayepita Mji wa Kale. Hawali viazi, vitunguu, thomu, karoti wala muhogo, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vinavyouzunguka. Siku nane za Paryushan ndizo kilele chao. Wapo wanaoshika ekasana, mlo mmoja tu kwa siku. Wapo wanaoshika upvas, maji yaliyochemshwa tu, nayo mchana pekee. Siku ya mwisho huombana radhi kwa kusema "Michhami Dukkadam", na jirani wa dini nyingine akiambiwa hivyo anaweza kujibu vivyo hivyo.

Wabahai hufunga siku 19 mwezi wa Machi, jua likichomoza hadi lizame. Masingasinga hawana saumu ya ibada kabisa. Mafundisho yao hayaipi uzito, na gurudwara, nyumba yao ya ibada, huwapa chakula wote wanaoingia, bila kuulizwa dini.

Ukiandaa kikao cha jioni chenye watu hawa, shida kubwa ni saa. Mjaini anayeshika chauvihar hali wala hanywi baada ya jua kuzama. Mwislamu aliyefunga hali kabla. Adhana inayomfungulia mmoja inamfungia mwingine. Basi usipange chakula cha saa moja kamili ukadhani umewafaa wote. Andaa meza ya kwanza saa kumi na moja na robo: ndizi, maembe, korosho na maji yaliyochemshwa, vyote kwenye vyombo ambavyo havijagusa kitunguu. Meza ya pili, tende, uji na kaimati, ifunikwe ingoje. Na katikati usiweke hotuba ndefu: ikigonga magharibi, waliofunga wanahitaji kufuturu kwanza, kisha nafasi ya kuswali.