Mvua ikilala ndani ya skipu

Mvua za Septemba zikishaanza, simu yangu hulia kabla ya adhana ya alfajiri. Mara nyingi ni dereva: "Madamu, skipu ya sokoni imekataa kupanda." Skipu ni lile kasha kubwa la chuma la kutupia taka, ambalo lori huja kulibeba. Namjibu hata sijavaa viatu: usiijaribu mara ya pili, nakuja.

Nashughulikia usalama kazini katika kampuni ya kuzoa kasasiro, yaani taka, hapa Kampala. Kikosini kwetu Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana tuna madereva wa Busia, wapakiaji waliotoka Kongo, na Wanubi wawili wa Bombo wanaonisahihisha kila nikiongea. Anayekuja kuanza kazi hudhani nitamtisha kwa habari za sindano zilizotupwa kwenye taka. Hizo nitazifikia. Kinachoninyima usingizi ni maji.

Kwa ambaye hajawahi kulitazama kwa karibu, lori la skipu lina mikono miwili ya chuma, minyororo minne, na miguu miwili ya kuegemea inayoshuka nyuma. Minyororo inatiwa kwenye masikio ya skipu, mikono inainuka, kasha linaacha ardhi, linapita juu na kukaa mgongoni mwa lori. Hatari iko mwanzoni, mikono ikiwa imenyooka kabisa kwa nyuma. Wakati huo lori ni mizani: skipu upande huu, injini upande ule, na ile miguu ya nyuma ndiyo egemeo. Skipu ikizidi, kinachopanda ni injini.

Sasa piga hesabu. Chukua skipu yenye sakafu ya mita za mraba 6. Maji yakisimama humo kina cha sentimita 10 tu, umeongeza kilo 600. Hayo ni yale yaliyotulia chini. Bado yale yaliyonywewa na maganda ya matoke, majani ya migomba na maganda ya mahindi, na masoko yetu kama Kalerwe au Nakasero hutoa taka za namna hiyo hasa. Skipu iliyojaa siku ya jua na hiyohiyo baada ya mvua ya usiku kucha ni mizigo miwili tofauti, ila kwa macho zinafanana. Dereva mzoefu hukadiria kwa macho, na uzoefu wake aliupata zaidi kiangazi.

Nilijifunza hilo nikiwa bado karani wa safari katika kampuni nyingine. Lori lilianza kuinua, tairi za mbele zikaacha ardhi kiasi cha kiganja, mguu wa kuegemea wa kushoto ukazama kwenye udongo wa marumu uliolowa. Kati ya skipu na lori alikuwa kijana anasukuma kasha kwa mikono ili lisibembee. Mikono ya binadamu dhidi ya tani kadhaa! Alipona kwa sababu dereva hakushtuka. Alishusha taratibu hadi skipu ikakaa chini. Bosi alipopigiwa alisema tujaribu tena, wenye soko wanalalamika kuhusu harufu.

Kwa hiyo kwangu sheria ya kwanza haina mjadala: skipu ikiwa hewani hakuna mtu kati yake na lori, wala pembeni ambako itabembea. Ikibembea, iache ibembee. Chini ya miguu ya kuegemea tunaweka mbao nene, hata kama ardhi inaonekana kavu. Na kabla ya minyororo, mtu anagonga ubavu wa kasha na kuchungulia ndani kwa tochi, maana watoto wa mitaani hujificha humo baridi ikizidi. Hilo silisemi kwa nadharia.

Kuhusu minyororo yenyewe: nawaheshimu mafundi wa Katwe, wanaweza kukuundia karibu chochote kwa chuma chakavu. Lakini pete ya mnyororo wa kunyanyulia ikichanika au ikilika haichomelewi. Inatupwa. Pale penye kuungwa huonekana pazima mpaka siku ya mzigo mzito, na tumeshaona siku hiyo huja na mvua.

Watu huuliza kwa nini hatutoboi sakafu maji yatoke. Tulitoboa. Yakatoka meusi, yakapita katikati ya wauza nyanya, nao wakatufukuza, kwa haki. Turubai linasaidia likikaa wiki mbili bila kuibwa. Kilichosaidia zaidi ni mstari mwekundu tuliopaka ndani ya kila skipu, theluthi mbili ya kimo chake: miezi ya mvua, taka zisipite hapo. Ugomvi wake haukuwa wa kiufundi. Soko hulipa kwa safari, kwa hiyo skipu isiyojaa ni pesa inayopotea machoni pa mwenye soko. Ilibidi tukae na viongozi wa soko na kubadilisha mkataba. Nadhani nusu ya ajali za kazi hii huanzia kwenye namna ya kulipana.

Moto nao upo. Wapishi humwaga majivu ya sigiri yakiwa bado na makaa, yakakutana na karatasi na betri za simu. Pipa la bati lenye mfuniko, lililotengwa kwa majivu tu, linamaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Sasa sindano. Glavu za mpira laini hazizuii sindano, kwa hiyo mfuko haubebwi kwa kuukumbatia wala kusukumwa kwa goti. Akichomwa, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiminye kidonda, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Watu huogopa VVU, lakini kwa asiyechanjwa virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi kupitia sindano, na chanjo yake ipo, dozi tatu. Mpakiaji wangu hapandi lori kabla ya dozi ya kwanza. Vifaa vya kujikinga hatumkati mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri avitoe bure.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima wa taka wa Kiteezi iliporomoka juu ya nyumba na watu. Dampo lile lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996. Miili iliyotolewa ilifika 35. Ni maji yaleyale: yanaongeza uzito juu, na chini yanalegeza tabaka zisishikane. Sheria ya fidia ya wafanyakazi inaipa familia ya aliyekufa kazini mapato ya miezi 60, yanayolipwa na mwajiri. Mwokotaji wa chupa pale dampo, mwajiri wake ni nani?

Tangu siku ile madereva wangu hawabishani nami kuhusu mstari. Wala si mimi ninayeulinda. Mama mmoja anauza ndizi mkabala na skipu, na mvua ikikesha, siku hizi yeye hunipigia kabla ya dereva: "Madamu, mstari wenu umefunikwa. Msimtume yule kijana peke yake."